Mume wangu anasema SHA ni pesa ya kutupa, na zamu yangu ya chama imekaribia

Hujambo Mama,

Nakuandikia nikiwa kibandani, wateja wa asubuhi wameshaondoka na unga wa mchana nimeufunika. Nina miaka 36, naishi Kaptembwo hapa Nakuru, na kazi yangu ni chapati na maharagwe. Mume wangu ana miaka 41, ni mwendesha bodaboda. Tuna watoto watatu, wa kwanza ni msichana wa miaka 13. Mama mkwe, ambaye amefikisha miaka 71, tunaishi naye tangu mwaka juzi.

Ugomvi wetu ni SHA, bima ya afya ya serikali. Wakati wa NHIF, bima iliyokuwepo kabla yake, tulilipa shilingi 500 kila mwezi kwa miaka sita, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu wa nyumba hii aliyelazwa. NHIF ilipoondolewa Oktoba 2024, mume wangu alipiga hesabu mbele yangu: shilingi 36,000, na hatukupata chochote. Akaapa kwamba hatoi tena. Mimi nilijisajili kwa simu bila kelele, nikajibu yale maswali ya nyumba ina kuta za nini na choo ni cha aina gani, na mwisho nikaambiwa mchango wetu ni shilingi 850 kwa mwezi, ulipwe wa mwaka mzima kwa pamoja. Yaani 10,200. Pesa kama hizo sijawahi kuzishika bila kuwa na mtu anayezidai.

Sasa mwezi ujao ni zamu yangu ya chama. Tuko wanawake kumi, kila mmoja hutoa 1,500, kwa hivyo nitapokea 15,000. Mimi nataka nilipe SHA. Mume wangu anataka zote ziingie kwenye deposti ya pikipiki ya pili, aajiri kijana wa kuiendesha. Anasema pikipiki italeta pesa kila jioni, SHA italeta nini? Nikitaka kumjibu nakosa maneno, kwa sababu ni kweli hatujawahi kulazwa.

Lakini si kwamba hatuugui. Mama mkwe ana presha. Dawa zake tunanunua kwa kemisti, vidonge kumi kumi, na zikiisha kama hakuna pesa anakaa hivyo hivyo. Juzi nilimkuta kitandani na wembe, kidonge amekiweka juu ya kifuniko cha mkebe, anakikata katikati. Nusu ameze siku hiyo, nusu kesho kutwa. Aliponiona alikificha kiganjani kama mtoto aliyeiba sukari. Watoto wakikohoa ni kemisti. Mgongo wangu ukiniuma ni kemisti. Kwenye zahanati ya serikali hatuendi kwa sababu SHA hatujalipa, na foleni ni ya kutwa nzima. Mume wangu yeye ni mzima, isipokuwa siku hizi anachoka upesi, usiku anaamka kukojoa mara tatu au nne, na chupa ya maji haimtoki mkononi. Nadhani ni jua la steji.

Dada yangu ananishauri nilipe kimya kimya nimwambie mume wangu kwamba chama kimeahirisha zamu. Rafiki yangu naye anasema nijisajili upya kama mwanamke asiye na mume, nitapangiwa mchango mdogo. Naogopa kumdanganya, na naiogopa pia siku tutakayohitaji hospitali. Nifanye nini?

Mpika Chapati, Kaptembwo

*

Binti yangu,

Nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza.

Umeandika kwamba mumeo ni mzima, halafu papo hapo ukasema anachoka upesi, anaamka usiku mara tatu au nne kukojoa, na chupa ya maji haimtoki mkononi. Maneno hayo umeyapitia haraka, lakini ndiyo yaliyonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Huenda ni jua kweli. Lakini kiu isiyokatika, mkojo wa kila mara na uchovu vikimjia mtu kwa pamoja ni dalili za ugonjwa wa sukari, na mwenye dalili hizo hafai kumaliza wiki nyingine bila kupimwa. Mwangalie vizuri. Je, suruali zimeanza kumlegea? Analalamika kwamba macho yanaona ukungu? Ana kidonda mguuni ambacho kimekataa kupona?

Sukari inapozidi kwenye damu, figo hujitahidi kuitoa kwa njia ya mkojo, na mkojo huo huondoka na maji ya mwili. Ndiyo maana mtu anakunywa na bado koo ni kavu. Na kama kwenye steji anakata kiu hiyo kwa soda, basi kila chupa inamzidishia kile kile kinachomtesa.

Nina sababu ya kulishika jambo hili kwa nguvu. Kaka yangu alikuwa seremala Kisumu. Tulikutana kwenye mazishi nyumbani, akamaliza jagi la maji peke yake, akaomba lingine, nasi tukamtania kwamba amekuja na ukame kutoka mjini. Nilicheka pamoja na wengine. Miezi saba baadaye msumari ulimchoma kwenye unyayo wala hakuuhisi, kwa sababu sukari ilikuwa imeshaua mishipa ya fahamu ya miguu. Alikatwa mguu chini ya goti. Sukari yake ilipimwa kwa mara ya kwanza maishani siku aliyopelekwa hospitali na kidonda kinachonuka, na kipimo chenyewe kilikuwa tone moja la damu ya kidole. Tulichanga, tukauza ng'ombe wawili, tukafungua kundi la WhatsApp la harambee. Ile jagi ya maji siisahau.

Kwa hivyo kabla ya chama, kabla ya pikipiki, mumeo apimwe. Asubuhi kabla hajala chochote, kipimo kikifika 7.0 mmol/L au zaidi, hiyo ni sukari ya ugonjwa. Akipimwa wakati wowote mwingine na kikafika 11.1 mmol/L au zaidi huku ana dalili kama hizo ulizoniandikia, hali kadhalika. Daktari anaweza kurudia kipimo ili awe na hakika. Lakini akianza kutapika, tumbo kumuuma, kuhema kwa nguvu au kuongea mambo yasiyoeleweka, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Usizuiwe na hofu ya SHA kutolipwa: Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Sasa tuje kwenye imani inayowagharimu, na si ninyi peke yenu. Umesema hamwendi zahanati kwa sababu SHA hamjalipa. Binti yangu, kwa zahanati na vituo vya afya vya serikali, zile ngazi ya 2 na ya 3, mtu anatakiwa kuwa amesajiliwa tu. Si lazima awe amelipa mchango. SHA ina mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa huduma za afya ya msingi, na huo unagharamiwa na serikali: kuonwa na kliniki ofisa, kupimwa presha na sukari, vipimo vya kawaida, na dawa za magonjwa ya kila siku. Mchango wako wa 10,200 unaingia mfuko wa pili, ule unaohitajika mtu anapolazwa, anapopasuliwa au anapotibiwa kuanzia hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu, hadi kule kwenye hospitali kuu ya kaunti ambayo wengi Nakuru bado wanaiita PGH. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, unaoendelea kulipa pale wa pili unapofika kikomo chake.

Maana yake ni kwamba mlango wa zahanati umekuwa wazi kwenu tangu siku uliyojisajili, nanyi mmekuwa mkiupita kwenda kulipa kwa kemisti. Sikulaumu. Neno "SHA" limesemwa kwenye redio na kwenye mikutano ya siasa kana kwamba ni kitu kimoja, ulipe upate au usilipe ukose, na wachache wamekaa na mama wa kibandani wakamweleza kwamba ndani yake mna mifuko mitatu.

Wala sikufichi kwamba kuna siku utafika zahanati uambiwe dawa imeisha, au mtandao hauko sawa na alama za vidole hazisomi. Foleni nayo ipo kweli. Nenda siku ya kliniki ya presha na sukari, uliza ni siku gani, na ufike mapema. Dawa ikikosekana, omba uandikiwe jina la dawa yenyewe, lile la kitaalamu, wala si jina la kampuni, kisha umwambie wa kemisti akupe ya bei nafuu yenye jina hilo. Hata siku kama hiyo utakuwa umepimwa na umeonwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, na utanunua kile kinachohitajika tu.

Huyo mama mwenye wembe amenikaa moyoni. Dawa ya presha hufanya kazi kwa kuwa ndani ya damu kila siku. Ukimeza nusu leo na nusu kesho kutwa, presha inapanda na kushuka bila mwenyewe kuhisi, kwa sababu presha kwa kawaida haiumi. Anaweza kuwa na 180 kwa 110 na bado anachambua mchele akiimba. Siku inapojitangaza inakuja na mdomo uliopinda upande, mkono usioinuka, ulimi mzito. Ukiona hata kimoja kati ya hivyo, mkimbize hospitali. Mwambie pia, kwa upole, kwamba hakuna atakayemkasirikia kwa sababu ya bei ya kidonge. Amekificha kiganjani kwa sababu anajiona mzigo nyumbani mwa mwanawe, na hilo linahitaji kutibiwa pia.

Yeye hawezi kuingia kwenye SHA yako au ya mumeo. Inayofunika familia ni mke, mume na watoto. Mzazi husajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe na hupangiwa mchango wake. Msajili hata kama pesa za mchango wake hamna bado, maana usajili ni bure na ndio unaomfungulia zahanati. Na kwa kuwa amepita miaka 70, ulizeni kwa chifu kama jina lake limo kwenye Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi za wazee. Hata zikichelewa, dawa itapata pa kutoka.

Haya, mumeo na pikipiki. Hoja yake si ya kijinga. Mtu aliyelipa 36,000 asione matunda ana haki ya kuuliza. Lakini muulize hivi, na umuulize kwa heshima: bima ya pikipiki analipa? Analipa, kwa sababu sheria inamtaka na polisi wako barabarani. Je, bima ikiisha bila kugonga mtu, hulia kwamba pesa zimetupwa? Halii. Anashukuru amemaliza salama, anakata nyingine. Hiyo pikipiki ya pili anayoitamani nayo itahitaji bima kabla haijabeba abiria wa kwanza. Lakini anayeendesha ile ya kwanza na kuitafutia deposti ile ya pili ni mwili wake, na huo ndio usio na bima nyumbani mwenu. Hoja hii ataielewa kwa sababu ni ya kazi yake.

Akitaka hesabu, mpe moja. Sukari na presha zisizotibiwa ndizo huharibu figo kuliko mambo mengi. Figo zikishindwa, mtu husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara mbili kwa wiki. SHA hulipia shilingi 10,650 kwa kila kikao. Kikao kimoja, binti yangu, kinapita mchango wenu wa mwaka mzima. Wiki moja ni 21,300. Asiye na SHA hulipa mwenyewe, na hakuna bodaboda, ziwe mbili au tano, zitakazobeba gharama hiyo. Tena hiyo 10,200 ukiigawa kwa siku za mwaka ni kama shilingi 28 kwa siku. Wewe unayeuza chapati unajua hizo ni chapati ngapi.

Kudanganya, usidanganye. Chama cha wanawake kumi hakina siri; kabla ya Jumapili mmoja atamsalimia mumeo na kumpongeza kwa zamu yako. Halafu hasira zake zote zitakuwa juu ya uongo wako, na sukari yake itasahaulika. Na huyo rafiki anayekwambia ujisajili kama huna mume, hebu mfikirie vizuri: ukifanya hivyo utakuwa umemtoa kwenye bima mtu yule yule ambaye huenda akaihitaji kwanza. Ukiona 850 ni nyingi kuliko kipato chenu, nenda Huduma Centre, kwenye dawati la SHA, ueleze kazi zenu na uombe kipato chenu kipimwe upya. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Jibu kila swali kwa kweli.

Shauri langu kuhusu hizo 15,000: lipa SHA 10,200, na 4,800 zinazobaki umpe mkononi kwa deposti ya pikipiki. Asione kwamba umeishinda ndoto yake. Na akikataa katakata, kuna Lipa SHA Pole Pole, mpango unaokukopesha mchango wa mwaka nawe unarejesha kidogo kidogo kwa simu. Soma kwanza unarejesha kiasi gani na kila lini kabla hujabonyeza kukubali, kwa sababu ni deni kama deni lingine.

Mazungumzo yenyewe usiyaanzishe kwa SHA. Mngoje ale, ashibe. Kisha mwambie, "Baba watoto, nataka mimi na wewe na shosho tupimwe presha na sukari." Ukianza na wewe mwenyewe hataona umemnyooshea kidole. Wanaume wengi hukataa kwenda zahanati lakini hawakatai mgeni akija nyumbani. Muulize mzee wa nyumba kumi au majirani, mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu ni nani. Tangu 2023 wako zaidi ya 100,000 nchini, na walipewa begi lenye kipimo cha presha na cha sukari. Vibanzi vya sukari wakati mwingine huwaishia, kwa hivyo mpigie kwanza. Akija, akae kwenye kochi, ampime mama mkwe, akupime wewe, ampime mumeo. Ni dakika kumi.

Na wewe je? Barua nzima umeeleza presha ya mama mkwe, mkojo wa mume na kikohozi cha watoto, wewe mwenyewe umejipa maneno matano ya mgongo. Una miaka 36. Mwanamke wa kati ya miaka 25 na 49 anapaswa kuchunguzwa mlango wa kizazi hata kama haumwi popote, kwa sababu saratani hiyo huanza kimya na mabadiliko yake ya mwanzo hutibika. Siku mtakayompeleka mumeo, uliza uchunguzi huo hufanywa siku gani. Uliza pia kuhusu chanjo ya HPV, inayokinga saratani hiyo, kwa binti yako, kama hakuipata shuleni. Hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14, naye ana 13, kwa hivyo muda upo lakini si mwingi.

Ukishalipa, piga *147# uhakikishe jina la mumeo na ya watoto wote watatu yanaonekana chini ya jina lako. Wako wazazi waliolipa vizuri, wakafika hospitalini usiku na mtoto, wakagundua mtoto hakuwahi kuongezwa. Vyeti vya kuzaliwa viweke pamoja na vitambulisho mahali pamoja, si kimoja ndani ya Biblia na kingine kwa dada yako Njoro.

Kipimo cha mumeo, kikiwa juu au chini, kiandike kwenye daftari lile lile la chama, pamoja na tarehe, kisha uniandikie. Nitaingoja barua hiyo.